Runinga Kwenye Ukuta Unaotembea

Ukuta wa tofali haumsumbui mtu. Ukishautoboa, ukachomeka plagi ya plastiki na kukaza skrubu, kazi imekwisha. Kesho utaukuta palepale ulipouacha. Ukuta wa kabini ya lori hautulii. Injini ikiwaka unatetemeka, jua likipanda unatanuka, tela likikata kona unajipinda, na gurudumu likiruka tuta unataka kukitupa chini chochote kilichojishikiza kwake. Kufunga runinga kwenye ukuta wa namna hiyo, ikakaa mwaka mzima bila kulegea, ni ufundi ambao watu wengi huupita bila kuuona. Mimi kila nikipita Holili huutafuta, na nikimkuta fundi yuko kazini husimama hadi amalize.

Holili iko wilaya ya Rombo, kwenye barabara itokayo Moshi kupitia Njia Panda ya Himo, hatua chache kabla hujaingia Taveta upande wa Kenya. Kule juu Marangu na Mwika ni migomba, kahawa na ukungu wa asubuhi. Huku chini ni tambarare kavu, jua la kuchoma na vumbi, Mawenzi ikionekana upande wa mlima mawingu yakitoa ruhusa. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa mwaka 2016, mzigo hukaguliwa na nchi zote mbili upande mmoja, na foleni si ile ya zamani. Hata hivyo karatasi ni karatasi. Kuna hati ambayo haijafika, kuna wakala ambaye simu yake haipatikani, na dereva hujikuta amelala Holili bila kupanga.

Ndiyo maana kabini ni nyumba. Nyuma ya viti kuna kitanda, chini ya kitanda kuna jiko dogo la gesi, sufuria na ndoo, kwenye ndoano kuna taulo na shati la kuvukia mpaka. Wazungu wana nyumba zao ndogo za kukokotwa na gari, na Marekani zile za Airstream zimekuwa zikitengenezwa tangu miaka ya 1930 kwa mabati ya alumini yaliyoshikwa kwa ribiti. Nyumba inayotembea ya Afrika Mashariki ni hii ya dereva wa masafa, na mwenye nyumba akishapata godoro zuri, kinachofuata kukitamani ni runinga. Anataka mpira wa jioni, taarifa ya habari, au filamu ya kusukumia usiku.

Fundi nitakayemzungumzia nitamwita fundi tu. Ni mtu mzima, vijana wanamwamkia shikamoo, na zana zake zinaenea kwenye ndoo moja ya rangi. Huanza kazi kwa kidole. Anapanda kabini, anavua viatu mlangoni kwa sababu anajua anaingia chumbani kwa mtu, kisha anagonga ukuta polepole kwa kifundo cha kidole cha kati, akisogea kama inchi moja kila mara. Penye bati tupu sauti inatoka pana na inakawia. Penye ubavu wa chuma nyuma yake inakatika fupi. Akishapata ubavu anapita tena na sumaku iliyong'olewa kwenye spika kuukuu, kaifunga kitambaa isikwaruze, na pale sumaku inapong'ang'ania anaweka alama ya chaki. Kwenye basi kazi hii ni rahisi kidogo, maana safu za ribiti kwenye bati la nje humwonyesha zinakopita skwea paipu za ndani. Kabini ya lori imefichwa na kitambaa, sponji na plastiki, na haina ribiti za kusoma.

Siku moja dereva kutoka Mombasa alikuwa na haraka.

"Fundi, wewe nifungie tu hapo juu, niko na mzigo wa watu."

"Hapo juu pana bati tupu, mkuu. Likiachia ukiwa umelala, runinga itakushukia kifuani."

Dereva akanyamaza. Fundi akaendelea kugonga.

Namna anavyokataa ndiyo inayonivuta zaidi. Mteja anachagua mahali kwa jicho; fundi anachagua kwa kile kilicho nyuma ya mahali. Mara nyingi vitu hivyo viwili havikubaliani, na hapo ndipo fundi wa kweli anapojitenga na mtu mwenye drili. Mtu mwenye drili angetoboa hapo hapo, akatia skrubu nne za kujitobolea kwenye bati lisilofika unene wa milimita moja, akalipwa, akaondoka. Skrubu hizo zingeonekana imara kabisa pale Holili. Zingeanza kupanua matundu yake Taveta, na baada ya hapo ni suala la tuta lipi.

Fundi wetu akikuta ubavu hauko dereva anapotaka, anakwenda kuuleta. Anakata kipande cha fleti ba kirefu cha kutosha kufika kwenye mbavu mbili, anakifunga kwa bolti kwenye mbavu hizo, na runinga inaning'inia kwenye chuma hicho badala ya kuning'inia kwenye bati. Kati ya fleti ba na ukuta anaweka mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu ya gurudumu. Mpira huo unanyonya mtetemo, unazuia chuma kisilie juu ya bati usiku kucha, na unaziba tundu maji yasipenye. Wenye viwanda vya nyumba za kukokotwa huko Marekani hufanya jambo hilohilo mapema: mahali palipopangwa kwa runinga huwekwa ubao wa kuimarisha ndani ya ukuta kabla ukuta haujafungwa. Holili hakuna aliyepanga chochote, kwa hiyo ubao huo, au chuma hicho, kinaingizwa baadaye kupitia nafasi ya mkono mmoja, kwa tochi iliyobanwa kwenye meno.

Kisha inakuja hoja ya mkono. Madereva wengi hupenda kile kishikio chenye mkono unaokunjuka, ili runinga iweze kuvutwa mbele na kugeuzwa. Kinapendeza dukani. Lakini hesabu yake ni nzito. Chukua runinga ya kilo 5, iweke mwisho wa mkono wa sentimita 40, na kishikio kiwe kimefungwa ukutani kwa bolti za juu na za chini zilizoachana sentimita 10. Bolti za juu hazibebi kilo 5 tu: zinavutwa kutoka ukutani kwa nguvu kama ya kilo 20, kwa sababu mkono ni mrefu mara nne ya nafasi iliyo kati ya bolti. Hapo gari limesimama. Likitua vibaya shimoni, mshtuko ukazidisha uzito mara tatu, bolti hizo zinavutwa kwa kilo 60, kisha zinaachiwa, kisha zinavutwa tena, siku nzima. Fundi haandiki hesabu hii popote. Anachofanya ni kushika mkono wa kishikio, kuukunjua wote, kuning'iniza kidole chake kwenye ncha na kumwambia dereva autazame mzizi wake unavyocheza. Halafu anapendekeza kishikio bapa kinacholaza runinga karibu na ukuta, umbali wa vidole viwili au vitatu tu, hewa ipite nyuma. Dereva akishikilia kutaka mkono, fundi hakatai. Anaongeza mkanda wa kufunga na kizuizi cha mpira, ili wakati wa safari mkono uwe umekunjwa, umelala kwenye mpira, umefungwa, na utumike gari likisimama tu.

Nyuma ya karibu kila runinga bapa kuna matundu manne yaliyopangwa mraba au mstatili. Nafasi kati yake hufuata kipimo cha VESA: milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100 kwa runinga ndogo, 200 kwa 100 au 200 kwa 200 kwa zilizokua kidogo. Ndogo hutumia bolti za milimita 4, kubwa aghalabu za milimita 6. Kanuni hiyo imeokoa mafundi wengi, kwani kishikio kilichotengenezwa nchi moja hukubali runinga ya nchi nyingine. Hata hivyo kanuni haikuambii kina cha tundu la runinga iliyo mbele yako, na hapo fundi hutoa njiti ya kiberiti. Anaizamisha tundu kwa tundu, anaikwangua kwa ukucha pale inapokutana na mdomo wa tundu, anailaza juu ya bolti na kuongeza unene wa kishikio na wosha. Bolti iliyozidi hupenya hadi kwenye kioo au ubao wa umeme ndani. Iliyopungua hushika nyuzi mbili tatu tu, na nyuzi hizo zimo kwenye kikombe kidogo cha shaba kilichozikwa ndani ya plastiki, kikishang'oka hakirudi. Nimeona watu wakinunua runinga ya bei kubwa, wakaifunga kwa bolti zozote zilizopatikana mfukoni. Fundi ana kopo la bolti lililopangwa kwa urefu, na ninaamini kopo lile linajua mambo mengi kuliko kishikio chochote.

Pima maji haitumiki. Jambo hili lilinichukua muda kulielewa. Nyumbani, mtu akining'iniza picha, huweka pima maji na kusubiri povu likae katikati. Lori la Holili limeegeshwa kwenye changarawe, gurudumu moja limezama, pua imeinuka kidogo kuelekea Himo. Ukinyoosha runinga kwa kufuata dunia, lori likifika kwenye lami runinga itaonekana imepinda maisha yake yote. Kwa hiyo fundi hupima kwa kamba kutoka mstari wa dari na ukingo wa dirisha, akalinganisha kushoto na kulia. Nyumba hii ina usawa wake wenyewe, unaosafiri nayo, na ndio anaoutii.

Pembe ya kutazamia pia huipima kwa mwili. Anamwomba dereva alale kitandani mwake, kichwa kwenye mto kama kawaida yake, na yeye anashika runinga kwa mikono miwili akiishusha na kuiinamisha hadi dereva aseme inatosha. Kioo kinainama chini kidogo kumfuata aliyelala, na kinakaa mahali ambapo aliyeshika usukani hawezi kukiona. Hili la mwisho huwa halijadiliwi. Kuna madereva wanaoomba runinga ya dashibodi, watazame wakiendesha. Fundi huwaambia hajui kuifunga hapo.

Sasa umeme. Ningeweza kukaa kwenye sehemu hii tu, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Malori makubwa hutumia volti 24, zinazotokana na betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Injini ikizunguka, altaneta hupandisha hadi karibu 28. Runinga nyingi ndogo hutaka volti 12 au 19, nyingine hutaka umeme wa nyumbani wa volti 230. Njia ya mkato, ambayo utaiona kwenye malori mengi mno, ni kuchukua volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili. Runinga inawaka, dereva anafurahi, fundi wa mkato analipwa. Lakini betri moja sasa inatumika kuliko mwenzake, na altaneta inazichaji zote mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Iliyochoka haipati chaji ya kutosha, iliyoshiba inalazimishwa kunywa zaidi, inachemka na kukauka maji. Baada ya miezi kadhaa zote zimekufa, na dereva anamlaumu muuza betri.

Fundi hufunga kifaa cha kushusha volti kutoka 24 hadi 12, kinachovuta kwenye betri zote kwa usawa na kusawazisha misukosuko ya kuwasha injini. Runinga ikitaka 230 anafunga inveta, ingawa haipendi, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani kwa joto. Runinga ya inchi 24 hula kama wati 30, yaani kitu cha ampea moja na robo kwenye volti 24. Ni kidogo, na waya mwembamba ungetosha kwa hesabu. Yeye huweka mnene zaidi, kwa sababu waya wa kwenye gari haufi kwa ampea, hufa kwa kusuguliwa. Kila tundu la bati unamopita hulivika mpira. Kila kama shubiri moja huubana kwa kibano. Karibu na runinga huacha kitanzi kilicholegea, ili mtikisiko uishie kwenye kitanzi usifike kwenye soketi.

Fyuzi huiweka karibu kabisa na betri. Niliwahi kumsikia kijana anayejifunza kwake akiuliza kwa nini isikae nyuma ya runinga, ambako ni rahisi kuibadilisha. Fundi akamwonyesha waya wote mrefu unaoshuka kutoka kabini hadi kwenye betri: ukikwanguliwa popote katikati ukagusa chuma, moto unaanzia hapo, na fyuzi iliyoko mwisho wa safari haina habari. Fyuzi inalinda waya. Kijana akaikata ile kazi na kuirudia bila kuambiwa mara ya pili.

Kisha anabandika kipima volti kidogo chenye tarakimu nyekundu kando ya kitanda. Betri za asidi zilizojaa, zikiwa zimetulia, huonyesha karibu 25.4. Zikifika 24 zimeshatumia zaidi ya nusu ya akiba yake, na mechi ya usiku ikiendelea, asubuhi starta itasema tik na kunyamaza. Dereva anaambiwa namba moja tu ya kukumbuka.

Ufundi huu una umri. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini bara tulisubiri hadi 1994, ITV ya Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, ilipokuwa miongoni mwa stesheni za kwanza kurusha matangazo. Mabasi ya mikoani yalipoanza kubeba runinga, zilikuwa zile za mgongo mkubwa, na ya inchi 21 iliweza kufika kilo 20 na zaidi. Mafundi wa kuchomelea waliijengea kizimba cha nondo na engo nyuma ya dereva, wakaitandikia sponji, wakaibana kwa mkanda. Abiria wa mbele walisafiri Dar es Salaam hadi Moshi na uzito huo mbele ya paji la uso. Vioo bapa vilipoingia, na mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa Dar es Salaam mwisho wa mwaka 2012, mizigo ilipungua, na pamoja nayo ukapungua uangalifu. Kitu chepesi kinamdanganya mfungaji. Kizimba cha zamani kilikuwa kibaya kutazama, lakini aliyekijenga aliogopa uzito wake, na hofu hiyo ilimfanya atafute mbavu.

Nikimtazama fundi akikata fleti ba na kuipindia kwenye kipande cha reli, huwaza juu ya Mamba, kule juu jirani na Marangu, ambako kuna koo zilizofua chuma kwa vizazi, mikuki na majembe na visu, zamani kwa chuma kilichoyeyushwa na watu wa Ugweno, Upare. Mkuki mrefu wa Mamba ulikuwa na bapa la chuma mbele, mpini wa mti katikati, na chuma kingine nyuma. Vitu vitatu, na sehemu mbili za kuungana. Mikuki hii husifiwa kwa bapa lake linalong'aa, lakini kama maungio hayo mawili ni mabovu, bapa hilo si silaha tena. Sijui ukoo wa fundi wetu wala sikumuuliza. Ninachoona ni kwamba anatumia sehemu kubwa ya siku yake mahali ambapo kitu kinakutana na kitu, na sehemu ndogo kwa kitu chenyewe.

Akimaliza hasemi amemaliza. Anashika runinga kwa kingo mbili na kuitikisa, kabini nzima inatikisika, naye anasikiliza. Runinga ikisema kitu peke yake, hata mlio mdogo, anarudi nyuma yake. Ikitikisika pamoja na ukuta kama kitu kimoja, anashuka na kumwambia dereva azungushe lori hadi kwenye tuta la karibu, apite juu yake bila kupunguza sana mwendo, na arudi. Baada ya hapo anakaza tena. Nati ni zile zenye pete ya nailoni ndani, zisizofunguka kwa mtetemo, na bado anakaza, kwa sababu mpira wa tyubu hujibana baada ya mshtuko wa kwanza na kuacha nafasi ya unywele.

Mwisho anatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, na kuchora mstari mwembamba unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye fleti ba. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari utakatika, na mtu yeyote ataona kwa tochi bila kushika spana. Anamwelekeza dereva autazame akifika Voi, zaidi ya kilomita 100 mbele, na tena Mombasa. Anapokea nusu ya malipo. Nusu nyingine husubiri lori lirudi, apande kabini, avue viatu, amulike nyuma ya runinga na kuukagua ule mstari kwa macho yake. Ukiwa mzima anachukua pesa yake. Ukiwa umekatika anafungua kazi yote upya, bila kumdai dereva chochote.